Kukusanya Riwaya za Upelelezi za Nchi ya Wanavajo

Nchi ya Wanavajo, iliyoenea Arizona, New Mexico na Utah huko Marekani, ina kikosi chake cha polisi. Askari wa kikosi hicho ndio Tony Hillerman aliowafanya wapelelezi wa riwaya zake, kuanzia The Blessing Way ya mwaka 1970. Kwanza alikuwepo Joe Leaphorn. Jim Chee, kijana mwenye sare ya polisi anayejifunza pia uganga wa jadi, aliingia mwaka 1980 katika People of Darkness. Hillerman alifariki mwaka 2008, akiwa ameacha riwaya 18 za mfululizo huo.

Wakusanyaji husaka chapa ya kwanza yenye jalada gumu, ikiwa bado imevikwa karatasi yake ya nje. Karatasi hiyo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya bei, na ndiyo huharibika upesi: jua hufifisha rangi ya mgongoni, na watu waliotoa kitabu zawadi walizoea kukata pembe yenye bei. Nakala isiyo na bei kabisa, yenye kibonyeo kidogo chini ya jalada la nyuma, kwa kawaida ni ya klabu ya vitabu, na thamani yake ni ndogo hata ikiwa safi namna gani. Nyingi za maktaba nazo zina mihuri na alama za gundi.

Vitabu vya miaka ya 1970 ndivyo adimu, kwani vilichapwa kabla mwandishi hajawa na jina. Dance Hall of the Dead ya 1973, iliyoshinda Tuzo ya Edgar, ni ya kutafutwa kwa subira. The Ghostway huwachanganya wengi: mchapishaji mdogo, Dennis McMillan, aliitoa mwaka 1984, kabla ya toleo la Harper & Row. Baada ya A Thief of Time ya 1988 kuuzwa sana, nakala zilifurika. Hillerman alikuwa mkarimu wa kutia sahihi, hivyo sahihi kwenye kitabu cha miaka ya 1990 haipandishi bei sana; kwenye The Blessing Way ni habari nyingine.

Tangu 2013 binti yake, Anne Hillerman, anaendeleza mfululizo, akimpa askari Bernadette Manuelito nafasi ya mbele. Chapa za kwanza za vitabu hivyo bado hupatikana kwa bei ya kawaida ya dukani.