Kazi ya usafi huanza na maji

Ukitaka kuanzisha kazi ya usafi Masisi au Walikale, hapa Kivu ya Kaskazini, hesabu maji kwanza. Mvua ikinyesha, matope ya barabara ya Sake huingia na viatu katika kila ofisi na kila kituo cha afya. Maji ya kuyaosha hubebwa mgongoni kwa bidoni za lita 20, na anayeyabeba lazima alipwe. Mimi huyaandika kwenye bei pamoja na sabuni, glavu na siku za kazi, kisha mimi na mteja tunatia saini.

Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ilitufundisha vipimo: klorini asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu. Ukiwa na unga wa klorini wa asilimia 70, kwa dawa ya sakafu tia gramu 140 hivi katika bidoni moja ya maji, ukivaa glavu. Changanya upya kila siku, na usiweke asidi ya choo humo kamwe: hutoa hewa ya sumu.

Fagia kwa kitambaa chenye maji, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini, maana uchafu hula nguvu ya dawa. Anza pasafi, malizia chooni, kwa kitambaa cha choo pekee.

Kazi ikikua, tafuta RCCM, yaani usajili wa biashara, na namba ya kodi, mashirika huziuliza. Na kina mama wanaopiga deki walipwe kwa wakati. Usafi wa hospitali umo mikononi mwao.