Neno NET: Kilichobaki ni Kiasi Gani?

Chukua mfuko wa mbolea ulioko nyumbani kwako. Usome maandishi yaliyopigwa chapa ubavuni. Mengi ni ya Kiingereza. Usiuweke chini. Tafuta neno moja fupi lenye herufi tatu: N, E, T. Mara nyingi limeandikwa hivi: NET WEIGHT 50 KG. Pengine limefupishwa hivi: NET WT 50 KG.

Herufi hizo tatu zinahusu mfuko wako wa fedha. Mkulima akizielewa, si rahisi kupunjwa. Asipozielewa, anaweza kupoteza jasho lake bila kujua.

MANENO MAWILI YENYE SURA MOJA

Katika Kiswahili tunalo neno "kaa". Kuna kaa la moto. Kuna kaa wa baharini. Tena tunamwambia mgeni, "Karibu, kaa." Sura ya neno ni moja, lakini maana ni mbalimbali.

Katika Kiingereza neno NET liko vivyo hivyo. NET ya kwanza ni wavu. Hiyo tunaifahamu sana, maana tumeichukua na kuifanya yetu. Mpira ukiingia golini tunasema umetikisa neti. Wasichana shuleni hucheza netiboli. Na chandarua cha kuzuia mbu watu wengi hukiita neti.

NET ya pili ni neno jingine kabisa. Waingereza walilipata kutoka kwa Wafaransa, na maana yake ya asili ni "safi". Neno hilo hutumika katika hesabu. Maana yake ni kiasi kinachobaki baada ya kutoa kile kisichohusika.

Fikiri juu ya mama anayepepeta mchele. Anaurusha mchele katika ungo. Pumba zinapeperuka, mchele unabaki. Kilichobaki katika ungo ndicho NET.

KATIKA MIFUKO NA MAKOPO

Sasa turudi kwenye mfuko wa mbolea. NET WEIGHT 50 KG maana yake ni kwamba mbolea peke yake ina uzito wa kilo 50. Uzito wa mfuko haumo. Kwa hiyo ukiuweka mfuko huo mzima juu ya mizani, ni lazima uzidi kilo 50 kidogo. Ukipungua, uliza. Huenda umefunguliwa na kuchotwa.

Tazama pia kopo la samaki. Hapo NET WEIGHT ni uzito wa samaki pamoja na mchuzi au mafuta yaliyomo. Uzito wa kopo haumo. Lakini usidhani kwamba gramu zote hizo ni za samaki tu.

Mafuta ya kupikia huuzwa kwa lita au kwa kilo. Hivi si vipimo sawa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita 1 ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Kwa hiyo dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18 na kidogo, wala si kilo 20. Kabla ya kulinganisha bei za maduka mawili, tazama kama yote mawili yanauza kwa kipimo kimoja.

KWENYE MIZANI YA MNUNUZI

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Unapouza mazao, uzito wa gunia pamoja na mazao huitwa GROSS. Uzito wa gunia tupu huitwa TARE. Ukitoa TARE katika GROSS unapata NET, yaani uzito wa mazao yenyewe. Hiyo NET ndiyo unayolipwa.

Tuseme mama mmoja amepeleka magunia 20 ya mpunga kwa mnunuzi. Gunia la kwanza linapimwa. Mizani inasoma kilo 91. Kijana wa mnunuzi anaandika kilo 88.

"Mwanangu," mama anauliza, "mizani imesema 91. Mbona umeandika 88?"

"Mama, hizo 3 ni za gunia."

"Ni sawa kutoa uzito wa gunia, kwa maana gunia si mpunga. Lakini gunia tupu hili hapa. Hebu liweke juu ya mizani tuone."

Gunia tupu linapimwa. Mizani inasoma kilo 1.

Sasa tufanye hesabu. Kilo 91 toa kilo 1, inabaki kilo 90. Hiyo ndiyo NET ya kweli. Mnunuzi alitaka kulipa kilo 88. Kilo 2 zingepotea katika gunia moja. Kama kilo 1 ya mpunga ni shilingi 1,000, mama angepoteza shilingi 2,000 kwa kila gunia. Kwa magunia 20 angepoteza shilingi 40,000. Na hakuna ambaye angeiba usiku. Zingechukuliwa mchana, mbele ya macho yake, kwa kalamu.

Ona kwamba mama huyu hakugombana. Wala hakukataa kutoa uzito wa gunia. Mnunuzi ana haki yake, kwa maana hawezi kulipia gunia kwa bei ya mpunga. Lakini mkulima naye ana haki ya kujua kilichotolewa ni kiasi gani.

Gunia moja tupu ni jepesi sana, na mizani mikubwa huenda isilipime vizuri. Basi fanya hivi. Pima magunia 10 matupu kwa pamoja, kisha gawanya kwa 10. Utapata uzito wa gunia moja. Tena, kabla ya kupima chochote, hakikisha kuwa mshale umesimama kwenye sifuri.

Katika Tanzania kazi ya kukagua mizani ya biashara ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Mizani iliyokaguliwa hupewa alama. Ukiona mizani isiyo na alama, au unayoitilia mashaka, toa taarifa kwa viongozi wa kijiji au kwa Wakala huo.

LUMBESA HAINA NET

Ukiuza kwa lumbesa, neno NET halina kazi tena. Gunia limejazwa, kisha limeongezwa kichwa juu na kushonwa kwa kamba. Huhesabiwa gunia moja na hulipwa bei ya gunia moja. Lakini ndani yake mna kilo ngapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu halikupimwa. Kanuni za vipimo za Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima anayekubali lumbesa anatoa mazao yake bure, na mgongo wa mchukuzi nao unaumia.

KATIKA HATI YA MSHAHARA

Pengine kijana wako ameajiriwa mjini. Amekuja likizo na hati yake ya mshahara. Juu pameandikwa shilingi 400,000. Wewe mzazi unafurahi. Lakini shuka chini kabisa ya karatasi. Hapo pameandikwa NET PAY, shilingi 303,000.

Usimwite mwongo. Hizo 400,000 ni mshahara kabla ya makato. Hapo katikati imetolewa kodi, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na labda mkopo. Makato yote ni shilingi 97,000. Zilizobaki 303,000 ndizo alizopokea mkononi. Hizo ndizo za kulipia chumba, chakula na nauli, na kukutumia wewe. Ukimwomba msaada, hesabu kwa NET.

Naye kijana ana wajibu wake. Asitazame mstari wa chini tu. Asome kila kato na kuuliza ni la nini.

NET YA SHAMBA LAKO

Mwisho tulipeleke neno hili shambani. Tuseme umeuza mahindi na kupata shilingi 600,000. Majirani wanakupongeza. Lakini je, umepata faida ya shilingi 600,000? Chukua daftari uandike:

Mbegu, shilingi 60,000.
Mbolea, shilingi 140,000.
Kulimisha, shilingi 80,000.
Magunia na usafiri, shilingi 50,000.

Jumla ya gharama ni shilingi 330,000. Toa katika 600,000. Inabaki shilingi 270,000. Hiyo ndiyo NET yako. Na bado hatujahesabu siku ulizopalilia wewe na watu wa nyumbani mwako.

Mtu asiyeandika gharama hutumia zile 600,000 kana kwamba zote ni faida. Ananunua hiki na kile. Msimu wa mvua ukifika, hana fedha ya mbegu, naye anakwenda kukopa. Anasema shamba limemtupa, kumbe ni hesabu iliyomtupa.

MASWALI MAWILI TU

Ndugu msomaji, huna haja ya kujua Kiingereza chote ili kulinda mali yako. Popote uonapo neno NET, uliza maswali mawili. Kwanza: kimetolewa nini? Pili: kimetolewa kiasi gani? Kama kilichotolewa ni pumba, ni sawa. Kama wametoa na mchele, kataa.

Kujua kusoma si kusoma magazeti na barua tu. Ni kusoma mfuko, kusoma mizani, na kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi.

ZOEZI

Mfugaji wa nyuki ana dumu la asali. Dumu na asali vina uzito wa kilo 29. Dumu tupu lina uzito wa kilo 1. Kilo 1 ya asali ni shilingi 8,000. NET ni kilo ngapi? Mfugaji alipwe shilingi ngapi? Fanya hesabu kwanza, kisha soma jibu.

Jibu: NET ni kilo 28. Alipwe shilingi 224,000.