Upanga wa nuru: kutoka kwenye filamu hadi mkononi

Tarehe 4 Mei 2021, kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa video ya sekunde chache tu. Mwigizaji aliyevaa kama Rey, shujaa wa filamu za Star Wars, anashika mpini mtupu, na kutoka humo upanga wa nuru unachomoza hadi urefu wake kamili. Kilichowashangaza wapenzi wa filamu hizo ni kwamba hakuna aliyeuchora mwanga huo kwa kompyuta. Upanga ulikuwapo pale pale, mkononi mwake.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilichukua zaidi ya miaka arobaini, yafaa kukumbuka jinsi filamu inavyodanganya. Katika filamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, mafundi walitumia kishikio cha taa ya kamera ya zamani kuwa mpini. Kwa ajili ya mapigano waliunganisha fimbo zilizofunikwa kwa utando unaorudisha mwanga, mithili ya vibao vya barabarani vinavyong'aa usiku vinapomulikwa na gari. Mng'ao wenyewe uliongezwa baadaye, picha moja baada ya nyingine.

Kamera hutazama kutoka upande mmoja, na kasoro ikionekana hukatwa. Mgeni wa bustani ya burudani hakatwi wala haelekezwi pa kutazama. Husimama hatua chache kutoka kwa mwigizaji, huzunguka nyuma yake, na pengine ameandamana na mtoto anayetaka kushika kila kitu. Tena kifaa kilichowafurahisha watu leo hutakiwa kiwafurahishe wengine kesho na keshokutwa, bila kuharibika na bila kumjeruhi mtu.

Nuru halisi nayo haisaidii. Mwale hauishii umbali wa mita moja kutoka mpinini. Huendelea mpaka ugonge kitu. Anayeutazama kutoka ubavuni hauoni, isipokuwa hewani pawe na vumbi au moshi. Ndiyo kusema kwamba upanga wa nuru, kama ulivyo katika hadithi, unapingana na tabia ya nuru yenyewe.

Suluhisho limo katika hataza iliyotolewa Marekani mwaka 2018, nalo linafanana na kitu ambacho kila seremala anacho: tepu ya kupimia. Tepu hiyo hulala bapa ikiwa imeviringwa ndani ya kasha lake, lakini ikivutwa hujikunja kidogo kwa upana na kusimama imara. Ndani ya mpini wa upanga mna vipande viwili virefu vya plastiki vilivyoviringwa namna hiyo. Mota ndogo inapovisukuma nje, kila kimoja hujikunja kuwa nusu ya bomba, na nusu hizo mbili hukutana kuwa bomba zima. Wakati huohuo ukanda laini wenye taa ndogo hupanda katikati na kuliangaza bomba kutoka ndani. Mota ikigeuza mwendo, vyote hurudi mpinini. Hakuna hata sehemu moja ya kazi hiyo iliyohitaji sayansi mpya.

Mvumbuzi wake ni Lanny Smoot, Mmarekani mweusi aliyekulia Brooklyn, New York. Amewahi kusimulia kwamba safari yake ilianza utotoni, siku baba yake alipoleta nyumbani betri, kengele ya umeme na balbu. Ana hataza zaidi ya 100, na mwaka 2024 aliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima la Wavumbuzi nchini Marekani. Kabla yake, mtu pekee wa Disney aliyepewa heshima hiyo alikuwa Walt Disney mwenyewe.

Hata hivyo, uvumbuzi mzuri hauhakikishi biashara nzuri. Upanga huo ulionyeshwa kwa wageni katika hoteli ya Star Wars iliyofunguliwa Florida tarehe 1 Machi 2022, ambako watu wawili walilipa takriban dola 4,800 kwa siku mbili za kuishi kana kwamba wamo ndani ya chombo cha angani. Hoteli ilifungwa mwishoni mwa Septemba 2023, baada ya mwaka mmoja na nusu tu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye funzo gumu kuliko lile la mota na plastiki: mgeni hufurahia ajabu, lakini pia huhesabu fedha zake.

Huenda ndiyo maana majaribio yanayovutia zaidi sasa hufanyika mahali ambapo wageni hupita kwa miguu. Mnamo Oktoba 2023, roboti ndogo zenye miguu miwili zilitembezwa katika eneo la Star Wars huko Disneyland, California. Watafiti wa Disney walioko Zürich, Uswisi, walizifundisha kutembea kwanza ndani ya kompyuta, zikianguka na kuinuka mara nyingi mno, huku wachoraji wa katuni wakiamua namna kila roboti itakavyoinamisha kichwa au kuruka kwa furaha. Mwongozaji hushika rimoti kandokando. Roboti yenyewe hutafuta namna ya kutoanguka.

Kwa upande wa panga, mgeni wa kawaida bado hubaki na la aina nyingine. Eneo hilo lilipofunguliwa California tarehe 31 Mei 2019, karakana yake iliuza upanga wa kujiundia kwa karibu dola 200. Mnunuzi huchagua vipande vya mpini na rangi ya mwanga, kisha huufunga upanga wake mbele ya wenzake. Bapa lake, hata hivyo, ni bomba gumu la plastiki: mwanga hupanda ndani yake, lakini lenyewe halirudi mpinini. Mwenye kutaka kuuning'iniza kiunoni kama shujaa wa filamu hulazimika kulichomoa bapa na kulibeba kando.