Taa ya bei nafuu ilivyonitia mashakani njia ya Mabanda

KAMA unapita njia ya kutoka Nyanza-Lac kupanda Mabanda, au unavuka Mugina kwenda Manyovu na Kasulu, huna haja ya kuelezwa giza ni kitu gani. Ukishaacha maduka ya mwisho, mwanga ulio nao ni ule uliobeba mwenyewe. Ndiyo maana siku hizi karibu kila gari la mizigo linalovuka mpaka limefungwa ile taa ya LED ya mstari, ndefu kama rula ya ubaoni, mbele ya bampa au juu ya paa. Mafundi wanaiita "baa". Ya kwangu iliponifikisha hospitalini usiku, nilikumbuka kwamba kwa Kiswahili baa ni balaa pia.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilikimbia nchi mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasoma kambini Mtabila, wilaya ya Kasulu, kwa kibatari kilichotuachia masizi puani hadi asubuhi. Nilirudi mwaka 2009. Gari ninalolizungumzia ni Hilux ya dizeli, kabini mbili, ya mwaka 1996, ambayo nimechanga na shemeji yangu, kaka wa mama watoto. Yeye ni mfanyabiashara: sabuni, kandambili, vitenge. Mimi naendesha Jumamosi na wakati wa likizo.

Kwanza nieleze kwa nini tulihitaji taa, maana si fahari tu. Usukani wa gari letu uko kulia. Lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu huendesha kushoto kama Tanzania. Taa zake za dimu zimekatwa ili zimulike mbali zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara ya huko. Burundi tunaendesha kulia. Kwa hiyo taa zile zile zinazomulika vizuri watembea kwa miguu kule Kasulu, zikishavuka Mugina zinamulika uso wa anayekuja mbele, na ukingo wetu wa kulia, wanakopita akina mama na baiskeli, unabaki gizani. Mimi niliporudi kutoka uhamishoni nilichukua mwaka mzima kujizoeza kuangalia kushoto kwanza kabla ya kuvuka barabara. Gari halijizoezi.

Mwaka 2023 mambo yalizidi. Mafuta yalikuwa adimu, na mtu aliyeshinda kwenye foleni alijikuta anaanza safari ya kurudi nyumbani jua limeshazama. Shemeji akasema, "Mwalimu, tununue baa." Tulinunua Kasulu, kwa shilingi 65,000 za Tanzania. Ilikuwa ya inchi 20, na boksi lake lilikuwa limeandikwa wati 288 kwa herufi nyekundu. Pembeni kulikuwa na nyingine, fupi na nzito zaidi, yenye wati 72 tu, lakini kwa bei kubwa kidogo. Tulimcheka muuzaji. Nani alipe zaidi apate wati chache?

Fundi alitufungia jioni moja Nyanza-Lac. Nilikuwa na haraka na nilimwambia hivyo mara tatu, jambo ambalo sijaacha kujilaumu. Alifunga swichi kwenye dashibodi, akawasha taa kubwa zikiwa dimu, akabonyeza swichi, na ukuta wa gereji ukang'aa kama mchana. Tukamlipa, tukaondoka.

Huko njiani, nje ya mji, niliweka fulu. Baa haikuwaka. Nikabonyeza swichi, nikaibonyeza tena, kimya. Nikadhani waya umechomoka, nikaiacha swichi ilivyo na kuendelea kupanda kwa taa zetu za zamani. Kilomita chache mbele nikaona tochi ndogo ikishuka. Ni baiskeli. Nikafanya kile nilichofundishwa: nikapunguza taa.

Baa ikalipuka kwa mwanga.

Nilipapasa swichi kwa sekunde mbili, labda tatu. Niliporudisha macho barabarani tochi haikuwapo. Tuliposimama tulimkuta kijana mtaroni, baiskeli juu yake, mifuko miwili ya unga wa muhogo imepasuka, na unga umetapakaa mpaka katikati ya lami. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Alisema kwa upole kuliko nilivyostahili, "Niliona jua, mzee, nikafumba macho." Kwenye mteremko ule baiskeli yenye mzigo husimamishwa kwa soli ya kandambili; ukifumba macho umekwisha. Tulimpakia, tukampeleka hospitali ya Makamba.

Siku iliyofuata nilifungua boneti nikiwa na mita ya umeme ya shuleni. Nilitumia asubuhi nzima, na kile nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu kuna magari mengi ya namna yetu kwenye njia hii.

Katika magari mengi, swichi ya taa inapeleka umeme chanya kwenye balbu, na upande wa pili wa balbu umeshikwa na bodi, yaani hasi. Katika Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, ni kinyume. Balbu ya miguu mitatu inapata chanya wakati wote taa zikiwa zimewashwa, iwe dimu au fulu, kupitia mguu mmoja wa pamoja. Swichi inachofanya ni kuchagua mguu upi uunganishwe na hasi: wa dimu au wa fulu.

Fundi wetu hakujua hilo. Alichukua waya wa fulu akaufunga kwenye rilei ya baa, na mguu wa pili wa rilei akaufunga kwenye bodi, kama ambavyo angefanya kwenye gari jingine. Sasa fuatilia, msomaji. Taa zikiwa dimu, mguu wa fulu haujaunganishwa na hasi, lakini una chanya inayopita ndani ya uzi wa balbu. Umeme huo ni mdogo, hauwezi kuwasha balbu, ila unatosha kuamsha rilei. Baa inawaka. Ukiweka fulu, mguu ule ule unaunganishwa na hasi, rilei inalala, baa inazima. Yaani gari lilikuwa limefungwa liwashe jua pale tu ninapompisha mwenzangu.

Dawa yake haina gharama. Miguu miwili midogo ya rilei, 85 na 86, isiguse bodi kabisa. Mmoja unaunganishwa na waya wa pamoja wa balbu wenye chanya, mwingine na waya wa fulu, na swichi ya dashibodi inakaa katikati ya mmoja wa hizo. Ukiwa dimu, pande zote mbili zina chanya na rilei hailali wala haiamki, imekaa tu. Ukiweka fulu, upande mmoja unakuwa hasi na baa inawaka. Ukipunguza, inazima yenyewe bila kupapasa chochote. Kwenye gari ambalo bodi ndiyo hasi ya balbu, ule ufungaji wa fundi wetu ndio sahihi. Kwa hiyo usikubali fundi aanze kukata waya kabla hajachomoa soketi ya balbu, kuwasha taa, na kupima mguu upi una chanya muda wote.

Wakati niko huko ndani nilikuta mengine. Waya wa baa ulitoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ulikuwa mwembamba kama wa redio, umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu, na mahali ulipopita kwenye tundu la bati ulikuwa umeanza kuchubuka. Waya wa namna hiyo ukigusa bodi, hakuna cha kuuzuia mpaka uungue, na pembeni yake kuna bomba la dizeli. Fyuzi lazima ikae karibu na betri, shubiri moja hivi, kwa kuwa inalinda waya wote ulio mbele yake. Ukiiweka karibu na taa umelinda taa tu.

Kisha nikapima baa yenyewe. Wati 288 kwa betri ya volti 12 zingekula ampea 24. Mita ilionyesha ampea 5.2 injini ikiwa inaunguruma, volti 13.5. Zidisha: ni wati 70. Boksi lilikuwa limezidisha zaidi ya mara nne. Nilipoiacha iwake robo saa, mwanga ulipungua na ampea zikashuka, kwa sababu mgongo wake wa alumini ulikuwa mwembamba na haukuweza kutoa joto. Mvua ya kwanza ikamaliza kazi: ukungu ndani ya kioo, kisha tone, kisha nusu ya taa ikafa. Zile herufi za IP67 humaanisha kwamba vumbi haliingii na kwamba kifaa kinavumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Lakini kuziandika kwenye boksi ni bure.

Tulirudi Kasulu kununua ile fupi tuliyoicheka. Safari hii nilikwenda na mita. Muuzaji alishangaa mwalimu mzima anaomba betri na kiti, lakini alikubali, na muuzaji akikataa mshukuru uondoke. Nililinganisha uzito mkononi, maana alumini nene ndiyo inayopoza LED. Niliiwasha dakika 15 nikaona kama mwanga unabaki ule ule. Ilikula ampea 3, yaani wati kama 40 badala ya 72, uongo wa kiasi. Nilipofika nyumbani niliiacha ipoe kabisa, nikaitumbukiza kwenye beseni nusu saa. Haikutoa povu hata moja.

Kuhusu rangi, wengi wanapenda ile nyeupe inayoelekea ubuluu, ya kelvini 6000. Inapendeza kwenye lami kavu. Panda nayo milima ya Bururi asubuhi ya ukungu, au mfuate mwenzako kwenye vumbi la kiangazi, uone inavyokurudishia ukuta mweupe machoni. Ya njano ya kelvini 3000 haiumizi macho namna hiyo, ingawa nayo haitoboi ukungu kwa miujiza. Kinachosaidia zaidi kwenye ukungu ni taa kukaa chini na kumulika chini.

Ndiyo sababu sikuifunga juu ya paa. Huko juu inamulika boneti, boneti inakurudishia mwanga, na vumbi lote liko kati ya macho yako na miale. Niliifunga kwenye bampa, chini kidogo, pembeni mwa njia ya hewa ya rejeta, kwa sababu dizeli ya zamani inayopanda na mzigo haitaki kuzibwa pumzi. Waya ni wa milimita 2.5 za mraba, chanya na hasi vyote vinarudi betrini, fyuzi ni ya ampea 10, na kila tundu la bati lina mpira wake. Vifaa hivi vyote vilitugharimu karibu theluthi ya bei ya taa. Shemeji alinung'unika. Kama gari lako ni la volti 24, kama zilivyo baadhi ya Land Cruiser za dizeli, angalia kwamba rilei nayo ni ya 24. Baa nyingi zinavumilia volti zote mbili lakini rilei haivumilii.

Kasoro moja imebaki: baa ikiwaka, redio ya FM inakwaruza, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku tunaisikia vipande vipande. Ni kawaida ya taa hizi za bei ya chini. Kuisogeza waya wake mbali na ule wa antena kulipunguza kidogo.

Nitakiri jambo ambalo lingenipunguzia gharama. Kabla ya kufunga baa ya pili nilisugua vioo vya taa kubwa vilivyokuwa vimefifia, nikabadilisha balbu mbili zilizochoka, na nikasimamisha gari mita 10 kutoka ukuta wa shule ili kuzishusha taa zilizokuwa zinaangalia angani. Nusu ya giza letu iliishia hapo. Ule mkato wa kushoto haurekebishiki kwa kugeuza skrubu. Nimebandika kipande cha tepu nyeusi kwenye sehemu ya kioo inayotupa mwanga kushoto, na nikivuka kwenda Manyovu nakibandua. Mtu mwenye fedha anunue taa kamili zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Ukifika kizuizini, ni afadhali baa iwe imefunikwa. Askari wengi huanza maswali hapo.

Yule kijana alikaa na plasta wiki sita. Tulimlipa mifuko miwili ya unga na gharama za hospitali, na shemeji alimpa pia taa ya baiskeli, ya mbele na ya nyuma. Mwezi uliopita tulikutana naye usiku kwenye mteremko ule ule, safari hii akiwa amebeba ndizi. Nilipunguza taa umbali wa mita 200. Baa ilizima. Alipofika usawa wa dirisha aliinua mkono, ule wa kushoto, akapita.