Tembo wa Mwarobaini

Twiga, tembo na vifaru wa mbao wanaopangwa vibandani Malindi na mitaa yake kama Muyeye, wengi ni kazi ya mikono ya Wakamba, watu wa bara. Masimulizi yanayokubalika zaidi huanzia kwa Mutisya Munge wa kijiji cha Wamunyu, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo. Kutoka kwake ufundi ulienea kijijini, kisha ukawafuata watalii hadi Mombasa na Malindi, ambako wachongaji waliunda vyama vya ushirika.

Gogo hukatwa vipande, likachongwa kwa tezo hadi umbo litokeze. Kisu na tupa hufuata, kisha msasa na rangi ya kung'arisha. Fundi husoma nyuzi za mti kabla ya kumfikiria mnyama. Shingo na miguu ya twiga lazima ifuate nyuzi, la sivyo huvunjika ikiguswa tu. Pembe za tembo mara nyingi huchongwa kando na kupachikwa.

Kwa hiyo mti ndio unaoamua mengi. Mpingo ni mzito na mgumu. Muhugu una nyuzi laini zinazopokea kisu vizuri, ila hukua polepole mno, na hapo ndipo balaa ilipoanza: msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, ulikatwa muhugu kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba msitu huo hauna twiga, mnyama anayependwa na wanunuzi. Unao tembo, na unaye sange mwenye pua ndefu na sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu, asiyepatikana mahali pengi duniani. Lakini mgeni anayemtafuta sange kibandani ni nadra.

Ili kupunguza ukataji wa muhugu, kuanzia miaka ya 1990 WWF, UNESCO na washirika wao waliwahimiza wachongaji kutumia miti inayokua haraka, hasa mwarobaini, uliokuja pwani kutoka Bara Hindi. Mwanzoni mafundi hawakuufurahia: usipokaushwa taratibu hupasuka, na tembo mwenye ufa mgongoni hana mnunuzi. Kukausha kukaongezwa katika kazi. Mwarobaini humea shambani na uani, hivyo mkulima wa Kilifi naye huuza magogo kwa wachongaji.