Kila Taarifa na Mahali Pake

Chama cha akiba na mikopo kinapohamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta, mara nyingi karani hufungua jedwali moja na kujaza humo kila kitu: jina la mwanachama, simu yake, tawi, simu ya tawi, kiasi cha mkopo, wadhamini. Matatizo huanza mwanachama anapofikisha mkopo wa tatu, kwa kuwa sasa simu yake imeandikwa mara tatu. Akibadili laini, karani hurekebisha mstari mmoja na kusahau miwili. Ujumbe wa kumkumbusha deni unakwenda kwenye namba ya zamani, ambayo huenda kampuni ya simu imeshampa mtu mwingine, na siri ya mkopaji inatoka nje. Mkopo wa pekee ukilipwa na mstari wake kufutwa, mwanachama mwenyewe anapotea.

Dawa ya matatizo haya inatokana na kazi ya Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, Marekani, ambaye alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa kanzidata za kihusiano: data hukaa katika majedwali yanayounganishwa na thamani zilizomo, na mtumiaji halazimiki kujua zimehifadhiwa vipi ndani ya mashine. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing.

Kinachounganisha ni ufunguo. Ufunguo msingi, unaotambulisha kila mstari wa jedwali, haujirudii wala hauachwi wazi. Jina halifai, maana akina Juma Hassan ni wengi. Simu haifai, tumeshaona kwa nini. Chagua namba ya uanachama inayotolewa na chama chenyewe. Katika jedwali la mikopo namba hiyo inaingia kama ufunguo wa nje, na kanzidata iliyowekewa sharti la ufunguo huo itakataa mkopo wowote wa mtu asiyesajiliwa. Ulinzi huo ni wa thamani kubwa, na inasikitisha kuona mafundi wakiuzima ili kazi iishe haraka.

Kisha inakuja nomalaizesheni, yaani kupanga majedwali hatua kwa hatua ili taarifa isijirudie bila sababu. Wadhamini watatu waliotenganishwa kwa mkato ndani ya kisanduku kimoja wanavunja hatua ya kwanza, inayotaka kila kisanduku kiwe na thamani moja. Wapewe jedwali la udhamini, ambalo ufunguo wake ni namba ya mkopo pamoja na namba ya mdhamini. Humo usiandike simu ya mdhamini: inategemea nusu tu ya ufunguo, na hatua ya pili hairuhusu. Simu ya tawi nayo inategemea tawi, si mwanachama, hivyo hatua ya tatu inaipeleka kwenye jedwali la matawi. Zipo hatua za juu zaidi, ila kwa chama cha kawaida hizi tatu zinatosha.

Kabla hamjalipia programu, mwombeni fundi awaonyeshe mchoro wa majedwali yake. Mkikuta simu ya mwanachama katika majedwali mawili, msitie saini mpaka aeleze sababu.