Nauli ya Mama

Njooni, wapwa zangu, sogeeni hapa barazani. Jana mmoja wenu aliuliza: "Mjomba, hii mifuko ya hisani inayosaidia hospitali, hela zake zinatoka wapi? Na zinakwenda wapi?"

Swali tamu hilo! Aliyeuliza apewe embe kubwa kuliko wenzake.

Mnakijua chungu cha msibani hapa Cheyo, Tabora. Huyu analeta mchele, yule mkaa, yule elfu tano. Yupo wa kuandika kwenye daftari, yupo wa kupika, na hakuna wa kukibeba chungu kwenda nacho kwake. Mfuko wa hisani ni chungu hicho, ila wenyewe hauinjikwi siku ya msiba tu. Anaweza kuchangia tajiri, inaweza kuchangia kampuni, anaweza kuchangia mtu wa kawaida. Wachangiaji hawagawani faida.

"Kwa hiyo mfuko unajenga hospitali?"

Mingine inajenga. Mingine inatafuta watu wa kufanya kazi humo. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na rais wetu wa awamu ya tatu, imepeleka wahudumu wa afya maeneo ya pembezoni ambako wataalamu hawakimbilii. Vizuri sana, maana jengo lisilo na nesi ni ghala tu.

Lakini leo atakayewajibu ni gari.

"Gari linasema, Mjomba?"

La leo linasema. Tulieni.

"Mimi ni gari dogo la abiria, huko ndani wilaya ya Sikonge. King'ora sina. Kitanda sina. Mchana nabeba watu, magunia na kuku. Usiku nalala.

"Usiku mmoja simu ya dereva wangu ikalia. Kuna mama mjamzito zahanati, damu inamtoka. Nesi amepiga 115, namba ya bure. Aliyepokea ameuliza maswali: mimba ya miezi mingapi? Damu imeanza lini? Ametafuta gari la wagonjwa, liko mbali. Ndipo akatuita sisi.

"Nikaamka, nikaenda. Vumbi, nikaenda. Makorongo, nikaenda. Miombo huku, miombo huku, nikaenda. Tukamfikisha mama hospitali. Wakampokea, wakathibitisha kwamba amefika, na malipo ya dereva yakaingia kwenye simu yake. Mama hakuombwa hata shilingi."

Ahsante, gari. Kapumzike.

"Mjomba, sasa nani alilipa?"

Mpango uliolipa unaitwa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa hela za mfuko wa hisani wa kampuni ya simu ya Vodafone, ukishirikiana na serikali. Mwaka 2022 Rais Samia akauzindua uenee nchi nzima. Unambeba mjamzito, unambeba aliyetoka kujifungua, unambeba na mtoto mchanga.

"Nauli tu? Mbona kitu kidogo?"

Kidogo? Sikilizeni. Madaktari wanasema mama mzazi hupotea kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Hapo katikati ndipo penye barabara, na mkoa wetu ndio mpana kuliko yote nchini. Kutoka Sikonge mjini hadi hapa Tabora ni kama kilomita 70, na hapo sijawahesabu wa vijijini.

Tena kuna kisa cha zamani kidogo. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilikuwa ikitibu bure wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mtu avuje mkojo bila kujizuia. Matibabu bure, kitanda bure, na bado wengi hawakuja. Kwa nini? Hawakuwa na nauli! Mwaka 2009 wakaanza kutumiwa nauli kwa M-Pesa kupitia mtu aliye karibu nao. Wakaja.

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kulijua hilo kabla ya wote. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, na wapagazi walisafiri kwa posho. Ndiyo maana mimi, kwa upande wangu, nampenda anayelipa nauli kuliko anayekata utepe mlangoni. Utepe hupigwa picha. Nauli haipigwi.

"Na siku mfuko ukichoka kutoa?"

Eh, huyu mtoto! Hilo ndilo hata wakubwa husahau kuuliza. Mfuko unaweza kubadili nia, na kampuni inaweza kuyumba. Kwa hiyo mfuko na serikali walikubaliana kwamba serikali ichukue gharama kidogo kidogo mpaka iibebe yenyewe.

"Serikali inazitoa wapi?"

Kwenye kodi. Hata ile soda uliyokunywa jana ina kodi ndani yake.

"Kumbe na mimi nimemlipia mama nauli?"

Umemlipia. Ila usije ukaniomba hela ya soda nyingine kwa kisingizio hicho.